Mshale Uliochukua Miaka Mia Tatu

Tatu jumlisha nne ni ngapi? Mtoto wa chekechea atakwambia saba, na kama anahesabu maembe hajakosea. Lakini kuna vitu ambavyo tatu na nne zake huleta saba leo, tano kesho, na moja keshokutwa. Si kiinimacho. Ni nguvu za makanga wawili wanaosukuma matatu iliyozima barabarani. Ni upepo na mkondo vinavyogombania jahazi. Ni hatua zako kutoka stage hadi mlangoni kwenu. Ukivihesabu kama maembe vitakuchezea, kwa sababu embe halielekei popote, lakini nguvu daima inaelekea mahali.

Kama ulipitia fizikia ya Form One, unajua jina la kitu hicho: vekta. Kitu chenye ukubwa na mwelekeo. Mwalimu anachora mshale ubaoni. Urefu wa mshale ni ukubwa, ncha yake ni mwelekeo. Mnapewa maswali mawili, kengele inalia, mnaenda brek. Dakika 40, basi.

Mimi niliondoka chuoni mwaka wa pili, karo ilipokuwa inajumlishika haraka kuliko pesa za nyumbani. Siku hizi ninaishi kwa kuandika: leo maelezo ya viatu vya kuuzwa mtandaoni, kesho hotuba ya harusi ya mtu nisiyemjua. Fizikia sikuirudisha pamoja na kitambulisho cha mwanafunzi. Ila sasa naisoma kinyumenyume. Badala ya kuanza na jibu, naanza kwa kuuliza nani alilitafuta, alikuwa anaishi vipi, na nani alimcheka.

Ukiusoma mshale ule hivyo, utashangaa. Somo la dakika 40 lilichukua zaidi ya miaka 300 kukamilika. Waliolijenga walikuwa ni pamoja na karani wa vitabu vya biashara, mzee aliyezuiliwa nyumbani kwake, mwalimu wa sekondari ambaye kitabu chake kiliuzwa kama karatasi taka, na jamaa mmoja aliyeacha kazi akiwa na miaka 24 akarudi kukaa kwa wazazi. Na walipofika karibu na mwisho walitukanana hadharani, kwenye jarida la sayansi, kama watu wa Twitter.

Mkufu wa Stevin

Simon Stevin alizaliwa mwaka wa 1548 mjini Bruges, sehemu ambayo leo ni Ubelgiji. Kabla hajawa mhandisi anayejulikana, alishika vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara huko Antwerp. Mwaka wa 1586 alichapisha kitabu kuhusu uzito na mizani, na ndani yake kuna fumbo moja tamu sana.

Fikiria kipande cha mbao chenye umbo la paa la nyumba. Kina miteremko miwili, na mmoja ni mrefu mara mbili ya mwingine. Sasa chukua mkufu wenye mipira 14 inayolingana uzito, uvishe kwenye paa hilo jinsi unavyovaa mkufu shingoni. Mipira minne inalala kwenye mteremko mrefu, miwili kwenye mfupi, na minane iliyobaki inaning'inia chini. Je, mkufu utateleza kuelekea upande gani?

Jibu la haraka ni kwamba minne itaizidi miwili. Lakini hebu ngoja. Mkufu ukiteleza hatua moja, kila mpira unachukua nafasi ya mwenzake, na picha inabaki ile ile. Basi utateleza tena, na tena, milele, bila mtu kuusukuma. Stevin alisema hilo haliwezekani. Kwa hiyo mkufu umetulia. Na kwa kuwa ile minane ya chini inavuta pande zote mbili sawasawa, unaweza kuikata na hakuna kitakachobadilika. Mipira minne huku, miwili kule, na hakuna anayemshinda mwenzake.

Minne sawa na miwili. Si kwa uzito, maana uzito wa minne ni mara mbili. Inalingana kwa ile sehemu ya uzito inayovuta kufuata mteremko. Mteremko mrefu umelala zaidi, kwa hiyo uzito mwingi unaishia kuukandamiza ubao badala ya kuvuta. Hapo ndipo Stevin alipoonyesha kwamba ukiulizwa nguvu ni kiasi gani, lazima kwanza uulize: kuelekea wapi? Kisha akapiga hatua hadi kwenye kamba tatu zilizofungwa fundo moja. Zikivutana na kutulia, unaweza kuchora pembe tatu ambayo kila upande unafuata kamba yake, na urefu wa kila upande unakupa kiasi cha nguvu ya kamba hiyo. Mshale wa Form One ulianza kutungwa hapo.

Kuna jambo lingine kuhusu kitabu hicho ambalo sijaacha kulifikiria. Stevin hakukiandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya enzi hizo. Alikiandika kwa Kiholanzi, lugha ya wachuuzi na mabaharia wa kwao, na akatanguliza hoja ndefu ya kutetea kwamba lugha hiyo inaiweza sayansi kuliko nyingine zote. Mpaka leo Waholanzi wanaliita somo la hisabati kwa jina alilolisambaza yeye, wala si kwa neno la Kigiriki kama majirani zao. Mimi nilifundishwa vekta kwa Kiingereza, na mwalimu ambaye, akitaka tuelewe kweli, alifunga mlango wa darasa na kugeukia Kiswahili. Kumbe hakuwa anakiuka utaratibu tu. Alikuwa na ukoo mrefu.

Mashua na mkondo

Mwaka wa 1638 kitabu cha mwisho cha Galileo Galilei kilichapishwa Leiden, Uholanzi. Mwenyewe alikuwa Italia, mzee, macho yameshaharibika, amezuiliwa nyumbani kwake karibu na Florence kwa hukumu ya mahakama ya Kanisa. Humo alieleza safari ya kitu kilichorushwa. Risasi ya mzinga, alisema, iko katika mwendo wa aina mbili kwa wakati mmoja: mmoja wa kwenda mbele usiobadilika, na mmoja wa kuanguka unaozidi kasi. Hakuna unaomsumbua mwenzake. Ukiviunganisha unapata ule upinde tunaouona jiwe likirushwa.

Tulete wazo hilo kwetu. Tuseme mashua inavuka mkono wa bahari wenye upana wa mita 400, omo yake imeelekezwa ng'ambo moja kwa moja, kwa mwendo wa mita 4 kwa sekunde. Maji nayo yanakwenda kulia kwa mita 3 kwa sekunde. Mashua itachukua muda gani kufika? Sekunde 100, kana kwamba maji yametulia. Mkondo hauikawizi hata kidogo. Kinachobadilika ni mahali pa kutua: mita 300 kulia kwa pale ilipolenga. Njia yake nzima ni mita 500, kwa hiyo mtu aliyesimama ufukweni anaiona ikienda mita 5 kwa sekunde.

Ndiyo hiyo tano yetu ya mwanzo. Nne na tatu zikisimama kwa pembe mraba zinazaa tano. Mkondo ukielekea kule kule inakoenda mashua, unapata saba. Ukiikabili uso kwa uso, inabaki moja. Na pembe nyingine zote zina majibu yao katikati ya moja na saba.

Mabaharia wa pwani yetu hawakumngoja Galileo. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka huku na kaskazi, ule upepo wa kuanzia Desemba hivi hadi Machi, yakarudi Uarabuni na Bara Hindi kwa kusi. Nahodha anayejua kazi yake haelekezi omo kule anakotaka kufika ikiwa mkondo unamsukuma kando. Anaielekeza pembeni, ili mwendo wa chombo na mwendo wa maji vikijumlishwa vimtue bandarini. Na upepo ukitoka kule kule anakotaka kwenda, anabisha: anakata kushoto, anakata kulia, akiupanda upepo kwa mshazari. Kiswahili kina neno moja, kubisha, la chombo kinachopanda upepo na la mtu anayekataa hoja. Historia ya vekta imejaa kubisha kwa maana zote mbili.

Bano la Descartes

Aliyebisha vibaya alikuwa mtu mkubwa. René Descartes, yule Mfaransa mwanafalsafa, aliandika mwaka wa 1644 kwamba Mungu aliweka duniani kiasi fulani cha mwendo, na kiasi hicho hakipungui wala hakiongezeki. Kukipima, zidisha ukubwa wa kitu na kasi yake. Kasi tu. Mwelekeo aliuona ni jambo tofauti, la kuhesabiwa kando.

Kisha akatoa kanuni saba za migongano. Ya nne ilisema kwamba kitu kidogo kikikigonga kikubwa kilichotulia, hakitakisogeza kamwe, hata kikija kwa kasi ya aina gani. Kitarudi kilikotoka, mwisho wa maneno. Sasa wewe ambaye umewahi kucheza bano mtaani unajua kwamba bano dogo hulisogeza kubwa, hata kama ni kidogo. Descartes alikuwa na akili nyingi kuliko sisi sote tuliochafua magoti kwenye ile michezo. Kilichomponza ni kuhesabu mwendo kama maembe.

Aliyemrekebisha alikuwa Christiaan Huygens, Mholanzi ambaye babake alikuwa rafiki wa Descartes. Kijana alikulia kwenye nyumba iliyomheshimu mzee huyo, halafu akakaa chini akagundua kwamba kanuni zake karibu zote haziendi. Mwaka wa 1669 alichapisha matokeo yake. Siri ilikuwa mwelekeo. Mwendo wa kwenda kushoto usiujumlishe na wa kwenda kulia, utoe. Mipira miwili sawa ikikutana uso kwa uso kwa kasi moja, Descartes anaona mwendo mwingi. Huygens anaona sifuri, na sifuri hiyo ipo kabla ya kugongana na ipo baada ya kugongana. Kitu kinachohifadhiwa kweli ni mwendo wenye mwelekeo.

Isaac Newton alikuja mwaka wa 1687 akaliweka jambo hili mapema kabisa katika kitabu chake kikuu, mara tu baada ya sheria zake tatu. Nguvu mbili zikikifanyia kitu kazi kwa pamoja, alieleza, kitu hicho hupita kwenye mstari wa mshazari wa umbo la pande nne ambalo pande zake mbili ni zile njia ambazo kila nguvu peke yake ingekipeleka. Ndiyo sheria ya kujumlisha ambayo bado tunaitumia.

Wazee wetu wana mfano wao wa sheria hii, nao ni mkali zaidi. Njia mbili zilimshinda fisi. Ananusa nyama njia ya kushoto, ananusa nyama njia ya kulia, na tamaa zote mbili zina uzito sawa. Kwa hesabu ya Newton jibu ni sifuri: fisi hasogei. Lakini hadithi inaendelea mpaka fisi anapasuka, na hapo ndipo utaalamu ulipo. Jumla ya sifuri haimaanishi hakuna kinachotokea. Kamba inayovutwa na timu mbili zinazotoshana haiendi popote, na bado inaweza kukatika. Mshale wa jumla unakwambia kitu kitaelekea wapi. Haukwambii kinavumilia nini.

Daraja la Dublin, darasa la Stettin

Newton alikuwa na sheria, lakini hakuwa na lugha yake. Kila swali lilihitaji mchoro mpya na hoja mpya ya pembe tatu. Hakukuwa na njia ya kuushika mshale kama unavyoshika namba, ukauandika kwa herufi moja na kuuingiza kwenye hesabu. Hilo lilingoja miaka mingine 150 na zaidi, kisha likaja mara mbili kwa mpigo, kwa watu wawili wasiojuana.

Wa kwanza alikuwa William Rowan Hamilton wa Dublin, mtu aliyeheshimiwa tangu ujana. Kwa miaka alitafuta namna ya kuzidisha mafungu ya namba tatu tatu, kwa sababu nafasi tunayoishi ina pande tatu: mbele, kando, juu. Ilikataa. Tarehe 16 Oktoba 1843, akitembea na mkewe kando ya mfereji, jibu likamjia: zinahitajika namba nne, si tatu. Inasemekana furaha ilimzidi hadi akatoa kisu na kuchonga fomula kwenye jiwe la daraja la Broom. Namba hizo nne aliziita kwatanioni. Moja kati yake ni kiasi kitupu kisicho na mwelekeo, akaiita skala. Tatu zilizobaki kwa pamoja ni mshale, akauita vekta.

Neno hilo ni la Kilatini na maana yake ni mbebaji. Linabeba nukta kutoka hapa hadi pale. Kwa hiyo ukitaka tafsiri ya mtaani, vekta ni boda. Umepandia hapa, umeshukia pale, na kinachohesabika ni umbali na upande kati ya sehemu hizo mbili. Kona zote alizokata kukwepa jam hazimo. Ukizunguka mji mzima ukarudi ulipopandia, vekta yako ni sifuri, hata kama nauli si sifuri.

Wa pili alikuwa Hermann Grassmann, mwalimu wa shule katika mji wa Stettin, Prussia, ambao leo ni Szczecin nchini Poland. Chuoni alisomea dini na lugha, hisabati alijifundisha. Mwaka wa 1844 alitoa kitabu kilichojenga hesabu ya mishale si kwa pande tatu tu bali kwa pande zozote utakazo. Leo watu wanaotengeneza programu za akili bandia wanashughulika na mishale yenye mamia na maelfu ya pande, na wazo hilo liko kwa Grassmann. Lakini mwaka wa 1844 hakuna aliyemwelewa. Alianza na falsafa kurasa kwa kurasa, msamiati wote wa kwake mwenyewe. Alipoomba kazi ya chuo kikuu, mtaalamu aliyeulizwa maoni aliandika kwamba mawazo ni mazuri ila yamewasilishwa vibaya. Kazi hakupata. Alibaki kufundisha shule maisha yake yote. Mchapishaji wake aliishia kuziuza nakala kama 600 za kitabu hicho kama karatasi taka.

Grassmann hakukaa akilia. Alirudi kwenye lugha, akajifunza Kisanskriti, akatunga kamusi ya Rigveda ambayo wataalamu waliendelea kuitegemea muda mrefu baada yake. Chuo kikuu cha Tübingen kilimpa shahada ya heshima mwaka wa 1876. Mwaka uliofuata akafariki.

Vita vya alama

Sasa tufike kwa mtu wangu. Oliver Heaviside alizaliwa London mwaka wa 1850, katika nyumba isiyo na pesa. Homa ya utotoni ilimwacha na masikio mabovu. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akajifunza telegrafu, akaajiriwa Denmark na baadaye Newcastle. Mwaka wa 1873 James Clerk Maxwell alitoa kitabu kinene kuhusu umeme na sumaku. Heaviside alikifungua, akaona hesabu zake zimemzidi kimo, na akaamua atajifunza mpaka azifikie. Mwaka wa 1874 aliacha kazi, akarudi kuishi na wazazi. Hakuajiriwa tena maisha yake yote.

Shida ya Maxwell ilikuwa wingi. Katika makala yake ya 1865 nadharia ilikuwa na milinganyo 20, kwa sababu kila mshale alilazimika kuukata vipande vitatu: kipande cha mbele, cha kando, cha juu. Kwenye kitabu alijaribu kutumia pia kwatanioni za Hamilton, lakini nusunusu. Heaviside aliona kwamba hahitaji kwatanioni nzima. Alitaka mshale tu. Akauandika kwa herufi nene moja, akaiacha herufi hiyo ibebe ukubwa na mwelekeo kwa pamoja, na kufikia katikati ya miaka ya 1880 nadharia yote ilikuwa imejipanga katika milinganyo 4. Hiyo minne ndiyo inayochapishwa leo kwenye fulana kwa jina la Maxwell. Heaviside aliitoa kwenye jarida la mafundi umeme, makala baada ya makala.

Ng'ambo ya bahari, New Haven, Marekani, Josiah Willard Gibbs alikuwa amefikia jambo lile lile kivyake. Huyu alikuwa na shahada ya juu na cheo cha profesa pale Yale, ila kwa karibu miaka kumi ya kwanza chuo hakikumlipa mshahara. Mwaka wa 1881 na 1884 alichapisha kwa gharama yake kijitabu cha wanafunzi wake.

Walichofanya wote wawili ni kutenganisha. Katika hesabu ya Hamilton, ukizidisha mishale miwili unapata mchanganyiko: namba kidogo, mshale kidogo. Wao walisema hizi ni kazi mbili, tuzipe alama mbili. Ya kwanza inatoa namba, na inakuonyesha mishale imekubaliana kiasi gani. Mwangalie mvuta mkokoteni: anavuta kwenda mbele na juu, lakini mzigo unasogea mbele tu, kwa hiyo ile sehemu ya nguvu yake inayoenda mbele ndiyo inayofanya kazi. Ya pili inatoa mshale mpya, uliosimama wima kwa ile miwili. Fundi akikaza nati kwa spana, mkono wake unasukuma kando, spana imelala, na nati inazama ndani. Pande tatu tofauti, tendo moja.

Wafuasi wa Hamilton walikasirika. Peter Guthrie Tait, profesa wa Edinburgh, aliandika mwaka wa 1890 kwamba kijitabu cha Gibbs ni kiumbe cha kutisha, nusu hiki nusu kile, kilichozaliwa kwa kuchanganya alama za Hamilton na za Grassmann. Gibbs akajibu kwenye jarida la Nature kwa upole wa mtu anayejua ana hoja. Heaviside yeye hakuwa na upole. Alijibu kwa kejeli, na huwezi kumlaumu. Ubishi ukaendelea miaka kadhaa. Ulikuwa kuhusu alama, ndiyo, lakini chini yake kulikuwa na swali zito: hesabu ni ya nani? Tait alitetea uzuri kamili wa mfumo wa bwana wake. Heaviside alitetea fundi ambaye kesho ana waya wa kutandaza na hana miaka ya kusubiri.

Mwaka wa 1901 mwanafunzi wa Gibbs, Edwin Bidwell Wilson, aliyekuwa na miaka 20 na ushei, alitoa kitabu cha kiada kutokana na masomo ya mwalimu wake. Kikaenea. Mshale ulio kwenye daftari lako ulitoka huko. Kutoka mkufu wa Stevin hadi hapo ni miaka 315.

Usidhani waliopigwa walipotea. Kwatanioni zilirudi. Zinafaa sana kwa kueleza mzunguko, kwa hiyo leo ziko ndani ya michezo ya kompyuta, ndani ya vyombo vya angani, na mara nyingi ndani ya programu zinazotambua simu yako imegeuzwa vipi. Grassmann naye ana heshima sasa kuliko alipokuwa hai. Heaviside alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka wa 1891, akapewa pensheni ndogo ya serikali, na akafa mwaka wa 1925 akiwa mpweke.

Mkia kwa ncha

Chukua kalamu, tafadhali. Chora mshale mmoja wa sentimita 3 kwenda kulia. Pale ncha inapoishia, anzisha mwingine wa sentimita 4 kwenda juu. Sasa unganisha mwanzo wa wa kwanza na ncha ya wa pili. Huo ndio mshale wa jumla, na ukiupima utapata 5. Kuna sheria moja ya kujumlisha ambayo vitabu huitaja kwa mstari mmoja na kupita: ukianza na ule wa 4 kwenda juu, halafu wa 3 kwenda kulia, utaishia pale pale. Mpangilio haubadilishi mwisho. Jaribu, zitatokea pande nne, na mshale wa jumla ni mshazari wake, kama Newton alivyosema.

Huwa naulizwa, hasa kwenye matanga na harusi, nitarudi shule lini. Shangazi zangu wanauliza kwa mapenzi. Wanachokiona ni umbali: darasa la nane, Form Four, chuo, halafu mstari unakatika. Mimi nawajibu kwa adabu, shikamoo shangazi, mambo yanaendelea. Sina namna ya kuwaeleza katikati ya sufuria za pilau kwamba mwalimu wa Stettin alianza na dini akamalizia na hesabu za pande zisizohesabika, na kwamba karani wa telegrafu alianza na kazi akamalizia na elimu, na kwamba mishale yao ilitua mahali pamoja, kwenye daftari la Form One.

Sisemi kila anayeondoka chuoni ni Heaviside. Wengi wetu si yeye, na yeye mwenyewe alilipa gharama kubwa. Nasema tu kwamba ukimpima mtu, ama nchi, ama mwaka wa 2 uliokatika, kwa kuuliza ni kiasi gani, umeuliza nusu ya swali. Descartes aliuliza nusu hiyo na bano zikamuumbua.